Unaanza wodi ya watoto Uingereza? Usinyamaze

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa binti kutoka Iringa anayesomea uuguzi wa watoto Uingereza. Anaanza zamu zake za kwanza wodini, anauliza asome kitabu gani. Mdogo wangu, vitabu utavisoma tu. Mimi nakuambia neno moja: sema.

Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa mpaka tuulizwe. Huku ukinyamaza wanaona hujui. Msimamizi wangu aliandika kwenye ripoti kwamba sionyeshi nia ya kujifunza. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, maana nilikuwa nimeshafanya kazi zahanati ya kijijini kabla sijapanda ndege.

Niliyojifunza kwenye zahanati hiyo ndiyo yaliyonibeba. Ilikuwa majira ya baridi huku Uingereza, wodi imejaa wachanga wenye bronkiolaitisi, ule ugonjwa wa vijia vya hewa ambao mara nyingi huletwa na kirusi cha RSV. Kuna mtoto mashine ilionyesha oksijeni nzuri, watu wametulia. Nikampandisha fulana. Chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi, tundu za pua zinatanuka, na ameanza kuguna. Nikamwambia nesi wa zamu, akanijibu namba ziko sawa. Nikamrudia: naomba uje umtazame kifua. Akaja. Daktari akaitwa pale pale, mtoto akaongezewa msaada wa kupumua. Mama yake alinishika mkono, hakutaka kuuachia.

Kwa hiyo sema. Mtazame mtoto kabla ya mashine, kisha sema ulichokiona. Mzazi mara nyingi analala pembeni ya kitanda. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa mwanawe, na mtoto anayeelewa muombe ruhusa mwenyewe. Unamlisha kwa mpira wa puani? Pima kwanza majimaji ya tumboni kwa karatasi ya pH, ile inayopima asidi; ikizidi 5.5 usimpe maziwa, sema. Dawa za watoto zinapigiwa hesabu kwa kilo, hivyo ukikuta uzito ulioandikwa ni wa zamani, sema.

Zile saa 2,300 za mafunzo kwa vitendo unazotakiwa kutimiza kabla ya kuwa muuguzi ni zako. Mwanafunzi hahesabiwi kuziba pengo la wafanyakazi, yupo kujifunza. Mungu hakukuvusha bahari uje kujificha nyuma ya pazia la wodi, mdogo wangu! Kesho asubuhi, kabla ya kupokezana zamu, mfuate msimamizi wako umwambie unataka kujifunza nini siku hiyo.