Mradi wa hedhi salama shuleni: anzeni na chupi, komeo na kamba ya kuanikia

Msichana asiye na chupi nzuri hawezi kutumia pedi ya aina yoyote, iwe ya dukani au ya kufua. Miradi mingi ya hedhi salama hufia hapo. Maboksi yanaletwa, picha zinapigwa, na mwezi unaofuata mtoto wa darasa la sita amerudia kipande cha kanga kuukuu, kwa sababu chupi aliyonayo ni moja, mpira umelegea, na pedi inasogea kila akikimbia. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa bajeti yenu uwe chupi tatu za pamba kwa kila msichana, kwa saizi zao halisi. Mwalimu wa kike apime viuno faraghani na aandike saizi bila kuandika majina.

Tunawaandikia vikundi vya kina mama, vijana wenye taasisi ndogo na walimu wa malezi wanaotaka kuanza na shule moja au mbili. Mifano yetu ni ya Tanzania, lakini mshono ni uleule popote.

Kwa nini pedi za kufua? Kwa sababu za dukani zinahitaji pesa kila mwezi, na pesa hiyo ikikosekana mara moja tu msichana amekwama. Unafuu wa kodi peke yake haujawafikia. Tanzania ilifuta VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka. Pedi ya kufua ikishonwa vizuri na kutunzwa hudumu mwaka mmoja au zaidi. Ila tuseme ukweli: mahali ambapo familia inanunua maji kwa dumu na kuyabana kwa kupikia, pedi ya kufua isiyosuuzwa vizuri itamletea msichana muwasho na harufu. Huko gaweni za dukani, au tatueni maji kwanza.

Vitambaa na hesabu yake

Pedi moja ina sehemu tatu. Juu, panapogusa mwili, weka flaneli ya pamba. Katikati, pa kunyonya, weka kitambaa cha taulo. Chini weka kitambaa kisichopitisha maji: PUL (kitambaa cha poliesta chenye utando wa plastiki) ikipatikana, na isipopatikana, kitambaa cha koti la mvua chenye utando upande mmoja. Msitumie mfuko wa plastiki. Unapiga kelele msichana akitembea, unatoa jasho, na hupasuka baada ya kufuliwa mara chache.

Kila msichana apate pedi sita: nne za mchana na mbili za usiku. Kama mnagawa wakati wa masika, ongezeni ziwe nane, maana pedi inayokauka kwa siku moja juani huchukua siku mbili mawingu yakitanda.

Pedi ya mchana ikikamilika iwe na urefu wa sentimita 25, na upana wa sentimita 19 ukihesabu na mabawa yake, yaani pande mbili zinazokunjwa na kufungwa chini ya chupi. Ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande, utakata kipande cha 27 kwa 21. Ya usiku ikatwe 32 kwa 21. Flaneli ya mita moja yenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande 20 vya aina yoyote kati ya hizo mbili ukivipanga vizuri. Kipande cha taulo cha katikati kiwe sentimita 23 kwa 7, tabaka mbili. Cha usiku 28 kwa 7, tabaka tatu. Kwa wasichana 100, yaani pedi 600, mtahitaji takriban mita 33 za flaneli, mita 33 za kitambaa kisichopitisha maji na mita 21 za taulo, pamoja na akiba ya kama asilimia 10 kwa makosa ya kukata. Nunueni na vifungo vya kubana jozi 600, na nyuzi za poliesta, kwa sababu uzi wa pamba huoza upesi ukiloweshwa mara kwa mara.

Rangi ya flaneli ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nyeupe huonyesha doa hata baada ya kufuliwa, na msichana akiliona ataona haya kuianika. Nyeusi tii nayo ina hatari yake: huficha damu iliyobaki, akadhani imetakata. Chagueni ya maua yenye wekundu wa damu ya mzee, zambarau au kahawia.

Kushona

Loweka na ufue flaneli na taulo kwa maji ya moto kabla ya kukata. Pamba hurudi, ukikata kwanza, pedi itajikunja kama jani kavu ikifuliwa mara ya kwanza. Kitambaa kisichopitisha maji hakihitaji hatua hii.

Chora umbo kwenye kadi ngumu na uwape mafundi wote kadi moja, ili pedi zote zifanane. Kisha lishone taulo juu ya upande wa ndani wa flaneli, ukizungusha mshono pembeni. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: huweka vitambaa vyote vitatu pamoja, halafu hupitisha mshono katikati ili taulo lisisogee. Kila tundu la sindano kwenye kitambaa cha chini ni njia ya kuvuja, na damu itafuata mstari huo hadi kwenye sketi. Taulo lishikwe na flaneli peke yake.

Baada ya hapo laza kitambaa cha chini juu ya flaneli, nyuso za nje zitazamane, na upande wenye utando uje kuwa ndani pedi ikigeuzwa. Usitumie pini katikati. Bana kingo kwa vibanio vya nguo. Shona kuzunguka ukiacha mlango wa sentimita 6 kwenye ncha moja. Sindano namba 14 na hatua ya mshono ya milimita 3 inatosha. Hatua fupi sana hukichana kitambaa. Kwenye kona za mabawa piga mikasi midogo bila kufikia uzi, la sivyo zitavutana. Geuza, nyoosha kingo kwa kidole, kisha pitisha mshono wa juu milimita 3 kutoka ukingoni ukifunga na ule mlango. Malizia kwa vifungo kwenye mabawa. Kwa msichana asiyeona, vifungo vya kubana ni bora kwa sababu anavihisi na kuvisikia vikijifunga. Velkro iepukeni: inakusanya nyuzi, inakwaruza paja, na baada ya miezi michache haishiki.

Kabla ya kupokea kazi ya fundi, chagua pedi moja katika kila kumi. Mimina vijiko viwili vya chai vya maji yenye rangi, subiri dakika moja, iweke juu ya karatasi nyeupe na uikandamize kwa kiganja. Karatasi ikilowa, fungueni na pedi nyingine za siku hiyo mzikague. Mlipeni fundi kwa kila pedi iliyopita ukaguzi.

Na fundi huyo awe binti wa hapohapo. Msichana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne na kujifunza cherehani anaweza kupata kazi ya kweli hapa, maana kila mwaka kuna wasichana wapya na pedi za zamani zinachakaa. Kikundi kikisajiliwa, kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Masharti yaulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkitaka kuuza madukani, anzeni na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambao huwasaidia wajasiriamali wadogo kufuata taratibu za alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Choo, maji na komeo

Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi hazijafika hapo, na kikundi kidogo hakiwezi kujenga vyoo. Mnachoweza ni kuchukua tundu moja lililopo na kuligeuza liwe chumba cha kujisitiri: mlango wenye komeo la ndani, msumari wa kutundika begi, ndoo ya lita 20 yenye koki, sabuni, na chombo chenye mfuniko. Komeo ndilo jambo la kwanza. Msichana hatabadilisha pedi huku rafiki yake ameshikilia mlango.

Ndoo ijazwe kila asubuhi, na zamu iandikwe ukutani ikiwa na wavulana ndani yake. Ikiachiwa wasichana peke yao, itakuwa tangazo la nani yuko kwenye siku zake. Pedi za dukani za dharura zikae kwa matroni, si ofisini kwa mkuu wa shule, na zisitupwe kwenye shimo la choo: plastiki yake haiozi na hulijaza shimo kabla ya wakati. Zichomwe kwenye kichomea taka chenye bomba la moshi, mbali na madarasa.

Kufundisha kuje kabla ya kugawa

Tengeni vipindi vitatu vya dakika 40. Cha kwanza kiwe cha wavulana na wasichana pamoja, kuhusu mwili na balehe. Mvulana aliyeelewa hacheki sketi ikichafuka. Cha pili ni cha wasichana, na pedi yenyewe mkononi: kuvaa, kubadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, na kufua. Cha tatu ni cha afya, na aje muuguzi wa zahanati. Wekeni sanduku la maswali lisilo na majina tangu siku ya kwanza. Maswali mazito hutokea humo.

Kwenye kufua, maji yawe baridi. Maji ya moto huigandisha damu ndani ya nyuzi na doa halitoki tena. Loweka nusu saa, sugua kwa sabuni ya kipande, suuza mpaka maji yatoke meupe. Usitie jiki wala usipige pasi upande wa utando. Kisha anika juani. Wasichana wengi huzificha uvunguni au chini ya godoro zikiwa mbichi, na unyevunyevu huo ndio huleta fangasi na harufu. Shaurianeni kwa uwazi: akiona haya, atandaze kanga nyepesi juu ya kamba, lakini jua na upepo vipite. Mama na bibi waalikwe kwenye kipindi hiki, kwa sababu kamba ni yao.

Kwenye afya, wasichana wajue dalili za kwenda zahanati: damu kuzidi siku 7, pedi kulowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, mabonge makubwa kuliko sarafu, maumivu yanayomlaza kila mwezi, au kufika miaka 15 bila kuona siku. Mizunguko ya miaka ya mwanzo huenda ovyo, mara siku 21, mara 45, hivyo kuhesabu siku salama ili kuepuka mimba hakumfai binti wa umri huo, na aambiwe wazi.

Hedhi hupunguza damu mwilini, na madini ya chuma nayo. Shule ikigawa vidonge vya madini chuma na foliki asidi kwa ratiba ya zahanati, chagueni siku moja ya wiki baada ya chakula, na chai isubiri angalau saa moja, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Waambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi. Wasipoambiwa, wataviacha wiki ya pili.

Kipindi hichohicho kinafaa kuzungumzia chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inaua uzazi si wa kweli, na ujibiwe na muuguzi mbele ya wazazi.

Mkiandika maombi ya fedha, msiahidi kwamba pedi zitamaliza utoro. Utafiti uliofanyika Siaya, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016, haukuona tofauti ya kuacha shule kati ya waliopewa pedi, waliopewa vikombe vya hedhi (vinavyovaliwa ukeni kukinga damu) na wasiopewa. Ulichoona ni maambukizi ya zinaa kuwa machache kwa waliopewa. Andikeni faida hiyo ya afya, na heshima ya msichana, bila kuona haya, zinatosha.

Baada ya miezi mitatu rudini na maswali manne, yajibiwe kwa karatasi isiyo na jina: unatumia ngapi kati ya sita, unaanika wapi, imewahi kuvuja, chupi zimebaki ngapi. Wengi wakijibu kwamba wanatumia mbili tu, kwa kawaida tatizo ni saizi ya bawa au aibu ya kamba, na kila moja lina dawa yake. Wasichana wa darasa la tano watakaoingia Januari wawe tayari kwenye hesabu ya vitambaa mnavyonunua mwaka huu.