Kabla hujaandika "mjomba": kwa mnaoanza kusoma ukoo wa Batlle wa Uruguay

Insha yangu ya kwanza kuhusu Uruguay ilinirudia neno "mjomba" likiwa limezungushiwa wino mwekundu mara sita. Nilikuwa nimeandika kwamba Luis Batlle Berres, aliyeshika urais mwaka 1947, alilelewa nyumbani kwa mjomba wake, José Batlle y Ordóñez. Msimamizi wangu, mtu wa Pwani asiye na subira, aliandika pambizoni: "Mjomba gani huyu mwenye jina la ukoo wa baba?"

Alinikamata. Kihispania kina neno moja tu, "tío", kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Nililichukua nikalivalisha neno la kwanza lililonijia. Sisi tunatofautisha. José na baba yake Luis walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo José ni ami. Wa bara mtasema baba mkubwa au baba mdogo, lakini hapo itabidi kwanza mjue nani alitangulia kuzaliwa. Ndiyo maana mimi nabaki na ami.

Usidhani huu ni ugomvi wa maneno tu. Ukishakosea undugu kwenye ukoo huu, siasa ya Uruguay ya karne ya 20 haitakueleweka, kwa sababu mara nyingi ugomvi wa sebuleni ndio huohuo uliokuwa bungeni.

Anza na majina. Wahispania na waliotokana nao hubeba majina mawili ya ukoo: la baba kwanza, la mama baadaye. Batlle y Ordóñez ni Batlle kwa baba, Ordóñez kwa mama. Ukimwingiza kwenye faharasa chini ya herufi O, kama nilivyofanya, umempeleka kwa wajomba zake. Na hilo jina la pili, ambalo wageni hulikata ili kufupisha sentensi, ndilo litakalokuokoa. Batlle Pacheco ni watoto wa José, mama yao Matilde Pacheco. Batlle Berres ni Luis, mtoto wa ndugu yake. Batlle Ibáñez ni Jorge, mwana wa Luis, na mama yake naye ni Matilde, ila huyu ni Matilde Ibáñez, aliyezaliwa Argentina. Kuna Matilde wawili, basi, na wote wawili ni wake wa marais. Waandike kwenye karatasi mbili tofauti.

Marais ni wanne. Lorenzo Batlle alitawala 1868 hadi 1872. Mwanawe José alikuwa rais 1903 hadi 1907, kisha 1911 hadi 1915, mbali na kipindi kifupi cha kushikilia nafasi mwaka 1899. Luis aliingia Agosti 1947 akiwa makamu, baada ya Rais Tomás Berreta kufariki, akamaliza 1951. Jorge alitawala 2000 hadi 2005. Wote walitoka chama cha Colorado, wale "wekundu", waliokuwa wakichuana na Blanco, "weupe", tangu vita vya miaka ya 1830 ambapo kila upande ulijitambulisha kwa utepe wa rangi yake.

Kwa José usipite haraka. Mwaka 1904 alishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya Aparicio Saravia wa Blanco, na baada ya hapo akawa na nafasi ya kuijenga nchi apendavyo. Adhabu ya kifo ilifutwa 1907. Sheria ya talaka ilipita mwaka huohuo, na 1913 mwanamke akaruhusiwa kudai talaka kwa utashi wake tu, bila kutoa sababu. Siku ya kazi ya saa nane, aliyoipigania kwa miaka, ikawa sheria 1915. Watu walimwita Don Pepe. Tahadhari hapo: ukikuta "Pepe" kwenye gazeti la 1912 si José Mujica, rais wa 2010 hadi 2015. Unacheka, lakini nimeshaona mwanafunzi akifanya hivyo.

Halafu kuna gazeti. José alianzisha El Día mwaka 1886, na humo ndimo alimochapisha, Machi 1913, pendekezo lililovunja chama chake mwenyewe: kwamba madaraka ya rais mmoja yagawiwe baraza la watu tisa. Alihofia mtu mmoja kugeuka dikteta. Katiba iliyoanza kutumika 1919 ilimpa nusu ya alichotaka, yaani rais upande mmoja na baraza upande wa pili. Gabriel Terra, rais wa Colorado hiyohiyo, akaupindua mpango huo mwaka 1933. Wakati huo Don Pepe alikuwa ameshafariki, Oktoba 1929.

Sasa tuje sebuleni. Gazeti lilibaki kwa wanawe, akina César, Rafael na Lorenzo. Luis, mtoto wa ndugu yake, alikuwa na kipaji cha kuzungumza na watu na alitumia redio vizuri. Akishakuwa rais, binamu zake hawakutaka kumpisha. Kila kundi ndani ya chama lilikuwa na orodha yake ya wagombea yenye namba: wana wa Don Pepe walikuwa Orodha ya 14, Luis Orodha ya 15. Mwaka 1948 Luis akaanzisha gazeti lake, Acción. Na neno binamu hapa limekaa mahali pake hasa, kwani asili yake ya Kiarabu ni mwana wa ami.

Mgeni huuliza: iweje ndugu wachuane hivyo na bado chama kishinde? Jibu lipo kwenye sheria ya uchaguzi. Kura za orodha zote za chama kimoja zilijumlishwa, chama chenye jumla kubwa ndicho kilichoshinda, na orodha iliyoongoza ndani yake ndiyo iliyochukua kiti. Kila kura aliyopigiwa binamu ilimsaidia pia mpinzani wake wa nyumbani. Msome sheria hii kabla ya hotuba yoyote. Mimi niliisoma mwishoni, nikalazimika kuandika upya sura nzima.

Baraza la watu tisa lilirudi 1952, safari hii bila rais kabisa. Ndiyo maana Luis wa 1955 anaonekana kwenye orodha za marais ilhali alikuwa mwenyekiti wa zamu ya mwaka mmoja. Colorado ikashindwa 1958, baada ya miaka 93 madarakani.

Jorge aligombea mara tano, akapata mwaka 1999 kwenye duru ya pili dhidi ya Tabaré Vázquez, kwa kura za Blanco, mahasimu wa babu zake. Usimpachike siasa za Don Pepe kwa sababu ya jina. Don Pepe alijenga mashirika ya umma, Luis akanunua reli za Waingereza, lakini Jorge alitaka soko huria, na Desemba 2003 wananchi wakaifuta kwa kura sheria ya kufungua milango ya ANCAP, shirika la mafuta. Mwaka mmoja nyuma, benki zikiwa zimetikisika, aliwaambia waandishi, akidhani kamera imezimwa, kwamba Waargentina ni "manga de ladrones" kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Akaenda Buenos Aires kuomba radhi, akalia mbele ya kamera. Kwa wanaotafsiri: "manga" kwenye kamusi ni mkono wa shati. Hapo ni genge. Genge la wezi.

Insha yangu ya pili ilirudi na duara moja tu. Niliandika kwamba Jorge ni mjukuu wa José. Safari hii nilibisha: kwetu mjukuu wa kaka yako ni mjukuu wako, utamwitaje vinginevyo? Msimamizi alitulia kidogo, akafuta duara. Kisha akaongeza kwa mkono wake, kwa sababu msomaji huenda asiwe wa kwetu: "mjukuu wa ndugu yake".