Majibu kwa Wasomaji: Wasaidizi wa Mtandaoni

SWALI: Nimeajiri msaidizi anayefanya kazi kutoka mbali, anijibie barua pepe zangu za Gmail. Nimpe nywila?

JIBU: Usimpe, hata kama unamwamini. Nywila hiyohiyo hufungua picha, mafaili na pengine akaunti nyingine ulizozifungua kwa anwani hiyo. Gmail inaruhusu mtu mwingine kukaimu sanduku lako. Tumia kompyuta, maana kwenye programu ya simu huwezi kumwongeza. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, kisha uweke anwani yake ya Gmail. Mwaliko hufa baada ya wiki moja. Hata akiukubali, ruhusa inaweza kuchelewa hadi saa 24. Wengi huona kimya, wakadhani imekwama, wakaanza upya bure.

Atasoma, atatuma na atafuta, ila hawezi kubadili nywila. Kwenye kufuta ndipo kazi huharibika. Mwambie wazi tangu siku ya kwanza: barua iliyokwisha kujibiwa iwekwe kwenye kumbukumbu, isifutwe. Mkataba ukiisha, mwondoe siku hiyohiyo.

SWALI: Spika yangu ya Alexa inaijibu televisheni. Imeharibika?

JIBU: Hapana. Alexa, msaidizi wa Amazon anayeamriwa kwa sauti, inasubiri sauti inayofanana na neno la kuiamsha, basi. Isogeze mbali na televisheni. Ikiendelea, ingia kwenye programu yake ubadilishe neno liwe "Echo". Ukiwa na mazungumzo ya faragha, bonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni. Taa nyekundu ikiwaka, haikusikilizi.