Ilani ya ofisi ni sheria?

Kaka wa Changamwe, umeuliza vipi karatasi iliyobandikwa getini iwafungie kazi wenye malori, ilhali sheria hutungwa Bungeni. Swali zuri.

Bunge hupitisha sheria mama, kisha waziri au shirika hupewa ruhusa ya kuandika kanuni za kuitekeleza. Ndizo zinazotubana kila siku. Lakini ruhusa hiyo ina kamba. Tangu sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu kanuni hizi, kanuni ikishachapishwa lazima ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo inakufa.

Nyinyi wa malori mnalikumbuka lile agizo la Agosti 2019, kwamba kontena za kwenda bara zipande SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Madereva walikaa vijiweni Miritini wakicheza bao. Kesi ikaenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, na Novemba 2020 agizo likabatilishwa: wananchi hawakushirikishwa, na Katiba kifungu cha 10 yataka washirikishwe. Majaji hawakusema reli ni mbaya. Walisema tu hamkuulizwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito.

Basi piga picha ile ilani, tarehe na sahihi zionekane. Angalia imetaja sheria gani. Andika barua ukiomba sababu kwa maandishi, kifungu cha 47 cha Katiba chakupa haki hiyo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikunyamazia, nendeni kama chama kwa wakili. Mmoja mmoja mtachoka.