Re: Ukungu mweusi nyuma ya kabati unarudi kila nikipaka rangi

Mambo mkuu. Kwa hiyo umeshapaka rangi na ukungu umerudi palepale nyuma ya kabati. Rangi achana nayo kwanza, hapo unaufunika tu, tafuta maji yanatoka wapi.

Mi huwa nakata kipande cha nailoni nakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, nakiacha siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani ujue ni mvuke wa humohumo ndani, kupika, kuoga, nguo kuanikwa chumbani, watu kulala madirisha yote yamefungwa. Nailoni ikilowa kwa nyuma basi ukuta wenyewe una maji, bomba au paa au yanapanda toka chini, ni kipi siwezi kukwambia bila kuuona, ita fundi.

Kama ni mvuke, vuta kabati sentimita 10 hivi toka ukutani hewa ipite, unyevu wa hewa chumbani ubaki chini ya asilimia 60, vipo vipimo vidogo vya kuweka mezani. Kusafisha ni maji na sabuni, barakoa usoni, halafu pakauke kabisa. Na usije ukachanganya dawa ya klorini na siki, ile gesi yake si ya mchezo.