Amri Isiyo na Siku ya Mwisho

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: raia akubali kupunguziwa uhuru wake kiasi gani ili nchi yake iwe salama? Nimelifikiria kwa siku kadhaa, na kinachonisumbua ni hayo maneno "kiasi gani". Yanatufanya tuuone uhuru kama unga wa dukani, wa kupunguzwa vibaba kadhaa kila hofu inapopanda. Mimi ni mzaliwa wa Lamu niliyehamia Mombasa kwa kazi, na yaliyotupata kwetu yamenifunza kuuliza jambo jingine: anayetupunguzia uhuru amepewa muda gani, na muda huo ukiisha ataeleza mbele ya nani?

Upande wa serikali usipitwe haraka. Mnamo Juni 2014 mji wa Mpeketoni, katika Kaunti ya Lamu, na vijiji vya karibu vilishambuliwa, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Miezi tisa kabla ya hapo, tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 walikuwa wameuawa katika shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi. Aliyezika ndugu yake katika misiba hiyo hawezi kuambiwa kwamba kizuizi cha barabarani ni usumbufu tu, wala mimi siwezi kumwambia hivyo. Serikali isiyolinda uhai wa watu wake imeshindwa kazi yake ya kwanza. Kwa hiyo kafyu ya usiku ilipotangazwa Lamu mwezi Julai, Ramadhani ikielekea ukingoni, wengi wetu tuliipokea. Tarawehe zilifupishwa, watu wakawahi majumbani, na ilionekana kuwa ni jambo la kuvumiliwa kwa muda.

Lakini mvuvi hafuati saa ya ukutani. Hufuata maji na mwezi. Ami yangu alikuwa mvuvi wa jarife, yaani wavu mkubwa, na jarife hutegwa jioni likavutwa kabla ya alfajiri. Mtu akizuiwa kuwa baharini usiku, hakupunguziwa saa kadhaa za matembezi. Ameondolewa kazi yote. Nyavu zilianikwa, mashua ikapandishwa pwani, na deni la mashine ya mashua alilokuwa akidaiwa na tajiri wa samaki likabaki palepale kwa sababu deni halina kafyu. Kafyu ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena. Ami alikwenda kuuliza katika ofisi moja ya serikali kama wavuvi wanaojulikana wangeweza kuandikishwa na kupewa ruhusa ya kutoka kwa zamu, pengine kwa kuripoti kila boti inapoondoka na inaporudi. Akajibiwa kwa upole kwamba amri imetoka juu. Hakuambiwa huko juu ni wapi, wala ni nani angeweza kulisikiliza ombi lake. Nimeyaandika haya kwa kirefu kwa sababu naamini kiini cha swali lenu kimo katika jibu lile. Ami hakupinga ulinzi. Alikuwa amebeba pendekezo ambalo lingewapa askari habari zaidi za baharini kuliko walizokuwa nazo, na hapakuwa na mtu wa kulipokea.

Mwisho wa mwaka huo watetezi wa haki za binadamu walilifikisha suala hilo katika Mahakama Kuu ya Mombasa, na mahakama ikaona kwamba kuendelezwa kwa kafyu kulikuwa kinyume cha sheria.

Wazee wa kwetu hawakushangaa kuona amri ya muda ikirefuka. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya Desemba 1963, wakati wa vita vya shifta, yaani vita vya serikali na waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, iliondolewa Novemba 1991, yaani karibu miaka 28 baadaye. Wilaya za jirani, Lamu na Tana River zikiwamo, nazo ziliwekwa chini ya mamlaka maalumu ambayo hayakutumika katika sehemu nyingine za nchi. Mtoto aliweza kuzaliwa, kuoa na kupata watoto wake katika hali iliyoitwa ya dharura. Ndani ya miaka hiyo ndipo yalipotokea mauaji ya Wagalla, huko Wajir, Februari 1984, ambapo wanaume wa Kisomali walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege na wengi wakauawa. Sisemi kila kafyu huishia hapo. Nasema kwamba mamlaka yasiyoulizwa kwa miaka mingi huwazoeza wanaoyashika kuona kwamba hawapaswi kuulizwa.

Nadhani walioandika Katiba ya 2010 waliikumbuka historia hiyo walipofika Ibara ya 58. Tangazo la hali ya hatari haliwezi kupita siku 14 bila idhini ya Bunge la Kitaifa. Nyongeza ya kwanza inahitaji thuluthi mbili ya wabunge, na kila inayofuata inahitaji robo tatu. Kadiri dharura inavyorefuka ndivyo serikali inavyotakiwa kuwaridhisha watu wengi zaidi. Na Ibara ya 24 inataka kila kizuizi cha haki kiwe na sheria nyuma yake na sababu inayolingana nacho, na iangaliwe kama ipo njia isiyobana sana ya kufikia lengo hilohilo. Pendekezo la ami yangu lilikuwa ndiyo njia hiyo hasa.

Wapo wanaosema kwamba magaidi hawasubiri mahakama, na kwamba haki hizi huwafunga askari mikono. Ni hoja nzito na inastahili kujibiwa kwa mifano. Baada ya mauaji yaliyofanywa na magaidi huko Mandera, kaskazini mashariki mwa nchi, Bunge lilipitisha Desemba 2014 sheria ya kurekebisha sheria za usalama, huku wabunge wakishikana mashati ukumbini. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vifungu vinane vyake, kikiwamo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini na vingine vilivyobana vyombo vya habari. Sehemu kubwa ya sheria hiyo waliiacha isimame. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na walikuwapo waliotaka kuwalaumu majaji. Lakini shambulio lilianza alfajiri na kikosi maalumu cha polisi kutoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi. Uchache wa mamlaka haukuwa ndio uliowachelewesha, na hakuna gazeti lililozuiwa kuandika ambalo lingewafikisha mapema.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi walipowarushia gesi ya machozi na kuwapiga watu waliokuwa wakisubiri feri kwenye kivuko cha Likoni, hapa Mombasa, kabla ya saa moja ya usiku kufika. Watu walioagizwa wasikaribiane walirundikana wakikanyagana na kukohoa. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu iliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, ila nguvu zisizo za kiasi zilizotumika kuitekeleza zilivunja Katiba. Kwangu huo ni uamuzi ulio sawa kabisa, kwa kuwa uliilinda amri na ukamlinda aliyeamriwa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba nitakubali hata kafyu yenye urefu wa saa kumi na mbili, ikiwa tangazo lake litabandikwa sokoni, bandarini na kwenye baraza la chifu, kwa Kiswahili, likionyesha siku itakayokwisha, sheria iliyotumika, na jina la afisa mwenye uwezo wa kutoa ruhusa kwa wavuvi, wakunga na wagonjwa. Kabla ya kuongezwa, wakazi wasikilizwe hadharani na maelezo ya kilichopatikana katika muda uliopita yatolewe. Na mvuvi aliyekaa pwani kwa sababu ya amri ambayo baadaye mahakama imeiona haramu alipwe siku zake. Ami yangu hakulipwa hata shilingi moja, na ile mashine aliiuza kabla hukumu haijasomwa.