Andika kile ambacho zana haioni

Msimu uliopita wa kahawa, Jumatatu asubuhi, chai bado haijapoa, simu ikaita. Ni katibu wa chama kimoja cha msingi huko mlimani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii mashine yako imesusa. Kupima inapima, risiti haitoi, na watu wamejaa hapa na magunia yao."

Sisi tuko wawili tu, chumba kimoja hapa Moshi mjini, juu ya duka la vipuri. Programu yetu inapokea kilo kutoka kwenye mizani, inatoa risiti na kupiga hesabu ya malipo ya mkulima. Siku hizi kazi nyingi za usafi wa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, tunampa wakala wa akili unde. (Nikisema wakala, simaanishi yule wa kibandani wa kutoa pesa. Huyu ni programu ambayo yenyewe inasoma msimbo, inaendesha amri na kubadili faili.) Ijumaa ile nilimwambia aondoe fankisheni (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) zisizotumika. Akaendesha `rg zungusha_kilo` (rg ni amri ya ripgrep, zana ya kutafuta maneno ndani ya faili), akaona pale inapoandikwa tu na hakuna pengine inapoitwa, akaifuta. Nikasoma mabadiliko, nikapitisha, nikateremka kula mtori.

Sasa, ripgrep ina tabia moja: usipoiambia vingine, huruka kila kitu kilichotajwa kwenye `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, imeambiwa iziache. Na sisi tuna folda ya `printa/`, moduli tuliyopewa pamoja na mashine za risiti, ambayo haturuhusiwi kuiweka kwenye Git. Humo ndani mwenzangu alikuwa ameongeza mistari michache inayoita `zungusha_kilo`. Wakala hakusema uongo. Aliuliza zana, zana ikajibu kwa inachokiona.

Kijana wa mafunzo angeona ile folda, angegeuka kuniuliza, "Kaka, hii printa ni ya nini?" Wakala hageuki. Ndiyo maana maelezo ya zana unayomwandikia yeye si yale ungemwandikia mtu.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Nilichukua matokeo yote ya `rg --help` nikayabandika kwenye AGENTS.md, ile faili ambayo mawakala wengi huisoma kabla ya kuanza kazi. Kurasa na kurasa. Faida yake sifuri, kwa sababu grep, zana kongwe ya aina hiyohiyo, ipo tangu 1973 na ripgrep tangu 2016. Modeli, yaani akili unde iliyo ndani ya wakala, imekwisha kusoma habari zake mpaka imechoka. Isichokijua ni nyumba yako. Na kila mstari unaoweka pale unakula nafasi ya kumbukumbu ambayo angeitumia kusoma msimbo wenyewe.

Nikafuta yote. Kuhusu utafutaji nikabakiza hivi:

"`rg` huruka vilivyomo `.gitignore`. Folda ya `printa/` imo humo, na inaita fankisheni zetu. Jibu tupu si ushahidi kwamba kitu hakitumiki. Kabla ya kufuta chochote, rudia kwa `rg -u`."

Angalia kwamba hakuna sentensi inayosifia uwezo wa zana. Zote zinasema inapoishia, na nini cha kufanya ukifika hapo.

Kitu cha pili ni majina, na hiki nadhani kinatuhusu sisi tunaoandika msimbo kwa Kiswahili kuliko wengine. Mimi naita vitu kwa Kiswahili; mwenzangu, aliyesomea Arusha, anaviita kwa Kiingereza. Kwa hiyo jambo moja limeandikwa `malipo`, `mlipaji`, `imelipwa`, halafu kwenye faili zake ni `payout`. Wakala akitafuta `malipo` anapata robo ya habari na kuendelea kwa kujiamini kabisa. Kiswahili kinabadilisha neno mbele na nyuma, cha kutafuta ni mzizi. Lakini nilipomwambia atafute `lip`, akaniletea `clipboard`, `flip` na `ellipsis`. Tulicheka. Sasa maelezo yanampa amri kamili: `rg -i 'lip[aeiow]|payout'`. Inapata malipo, lipia, mlipaji na wengine wa ukoo huo, na inaziacha zile takataka. Tumefanya hivyo kwa maneno tisa ya biashara yetu. Iliyobaki ajitafutie.

Kuna pia skripti yetu ndogo, `nenda`, inayouliza seva ya lugha (programu inayoelewa muundo wa msimbo) fankisheni fulani imeandikwa wapi. Seva hizi hufuata itifaki ya LSP iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2016, na itifaki hiyo huhesabu mistari kuanzia sifuri. `rg -n` huanzia moja. Wakala alikuwa anachukua mstari wa 48 kutoka kwa rg, anampa `nenda`, anajibiwa habari za mstari wa 49, na hakuna hitilafu yoyote inayotokea. Ningeweza kuandika onyo. Badala yake nilirekebisha skripti ipunguze moja yenyewe. Ukiona maelezo ya zana yanajaa "kumbuka" na "usisahau", mara nyingi zana ndiyo inayotaka fundi.

Namba za kumalizia amri nazo ziandike, mstari mmoja unatosha: rg ikirudisha 1 hakuna kilichopatikana, ikirudisha 2 kuna kosa, pengine njia ya folda imekosewa. Ukimya wa aina mbili, maana mbili.

Kila nikibadilisha maelezo nafungua kikao kipya, kisicho na kumbukumbu ya mazungumzo ya nyuma, na kuuliza swali lilelile: zungusha_kilo inaitwa wapi? Siangalii jibu kwanza, naangalia amri alizoendesha na mpangilio wake. Mara ya mwisho alianza na `rg`, akaandika "haionekani ikiitwa popote, narudia kwa -u kwa sababu ya printa", akaikuta. Mwenzangu aliniuliza kama sasa tumruhusu tena kufuta fankisheni. Nimemwambia tusubiri msimu uishe.